Orkaria: Nyota Isiyoonekana na Sayari Iliyojifunika



Nyota nitakayoizungumzia leo hakuna hata mmoja wetu atakayeiona akitoka hapa. Na haijajificha upande mwingine wa dunia. Mwezi Juni, karibu na saa sita za usiku, mtu aliyeko Nairobi akiinua uso juu kabisa na kuusogeza kidogo kaskazini, huwa anaikodolea macho. Iko katika kundinyota la Hawaa, kaskazini ya Nge, mahali panapoonekana patupu. Ili jicho la binadamu liione, ingebidi ing'ae mara 3,000 kuliko inavyong'aa. Mwanga wake hutumia miaka 48 kutufikia, safari ya kilomita trilioni 450 hivi. Kwa vipimo vya galaksi yetu huo ni ujirani wa ukuta kwa ukuta, lakini nyota yenyewe ni hafifu mno.

Katika orodha za wataalamu huitwa GJ 1214. Herufi hizo mbili ni za Gliese na Jahreiss, Wajerumani walioorodhesha nyota zilizo karibu na Jua. Tangu Juni 2023 ina jina jingine, nalo limetoka kwetu: Orkaria, na sayari yake ni Enaiposha. Umoja wa Kimataifa wa Astronomia uliteua mifumo 20 ya sayari za mbali, ukaalika watu wa nchi zote wapendekeze majina, na kwa mfumo huu pendekezo lililochaguliwa lilitoka Kenya, kwa lugha ya Kimaasai. Orkaria ni ule udongo mwekundu wa kujipaka. Enaiposha ni maji mengi, ziwa au bahari, na ndilo jina lililozaa Naivasha. Ndugu zetu wa Tanzania walikwisha kupata zamu yao mwaka 2019: iko nyota iitwayo Mpingo, na sayari yake ni Tanzanite. Kwa hiyo tukitazama juu tuna watoto wa kuwaulizia habari. Leo naulizia huyu mmoja.

Orkaria ni nyota ya aina inayoitwa kibete chekundu. Uzito wake ni asilimia 18 ya uzito wa Jua, na upana wake ni zaidi kidogo ya moja ya tano ya upana wa Jua. Juu ya uso wake joto ni digrii 3,000 hivi za Selsiasi, wakati Jua lina 5,500. Nguvu inayotoa ni sehemu tatu na nusu katika elfu za nguvu ya Jua. Mkitaka kuiona rangi yake kwa mfano, itafuteni ile nyota nyekundu iliyo kifuani mwa Nge, Antares. Wekundu wao unakaribiana, lakini Antares ni jitu: tungeiweka mahali pa Jua letu, ingeimeza Dunia na sisi tukiwamo. Orkaria ingekaa ndani ya Jua na nafasi ikabaki.

Sasa hesabu moja hunisumbua kila ninapoirudia. Katika kila nyota kumi za galaksi yetu, saba au zaidi ni vibete vyekundu, na hakuna hata kimoja kinachoonekana kwa macho matupu. Hata kile kilicho jirani kupita vyote, Proxima Centauri, umbali wa miaka ya nuru 4.2 tu, hakionekani bila darubini. Manahodha wa mwambao walijua njia zao usiku, wakulima walikitazama Kilimia ili wajue wakati wa jembe, na kila taifa lina visa vyake vya angani. Visa vyote hivyo vinahusu wale wachache wanaong'aa. Raia walio wengi wa mbinguni hawamo katika ngano ya kabila lolote, kwa sababu hakuna babu aliyewahi kuwaona.

Huenda mtu akasema: kama ni hafifu hivyo, za nini? Jibu langu ndilo shina la mhadhara huu. Tumeijua Enaiposha kwa sababu nyota yake ni dhaifu. Ingezunguka nyota kubwa yenye fahari, ingetupita kimya.

Wapo humu watakaokumbuka tarehe 8 Juni 2004, au asubuhi ya tarehe 6 Juni 2012 jua lilipochomoza. Siku hizo Zuhura ilipita mbele ya Jua, na waliokuwa na miwani ya kufaa waliona kidoa cheusi kikitambaa juu ya uso wake. Je, mlihisi mchana ukififia? Hakuna aliyehisi. Zuhura ilizuia kama sehemu moja tu katika elfu ya mwanga wa Jua. Na hiyo ni kwa kuwa Zuhura iko karibu nasi. Mtazamaji aliye mbali sana, akitazama Dunia yetu ikipita mbele ya Jua, angepoteza chini ya sehemu moja katika elfu kumi ya mwanga. Angehitaji chombo chenye ustadi wa hali ya juu, na baada ya kuona mara moja angesubiri mwaka mzima kuhakikisha kwamba hakuota.

Tufanye hesabu hiyo kwa Orkaria. Enaiposha ina upana mara 2.7 wa Dunia. Ingepita mbele ya Jua ingezuia sehemu sita katika elfu kumi. Lakini ikipita mbele ya kinyota chake huzuia asilimia 1.3, yaani mara ishirini zaidi. Sayari ni ile ile. Kilichobadilika ni udogo wa taa iliyo nyuma yake. Na kwa kuwa nyota ni nyepesi na sayari imeikumbatia, umbali wa kilomita milioni 2.2 tu, mzunguko wake humalizika kwa saa 38. Utaridi, ambayo sisi huiona imelisogelea Jua mno, iko kilomita milioni 58. Mwaka mmoja wetu ni miaka 231 ya Enaiposha. Anayesubiri mpito hasubiri mwaka; asubiri kesho kutwa.

Wanaastronomia wa Marekani walioongozwa na David Charbonneau waliitambua fursa hiyo mapema. Wakati wenzao wengi wakiwania darubini za mita nane na kumi, wao waliweka darubini nane zenye vioo vya sentimita 40 kwenye mlima Hopkins, jimboni Arizona, wakaziacha zijiendeshe zenyewe usiku kucha. Mradi waliuita MEarth. Walichagua vibete vyekundu 2,000 vilivyo jirani, wakawa wanavitembelea kimoja kimoja. Vifaa vyenyewe, nataka vijana wanisikie vizuri hapa, vilikuwa vya aina inayouzwa madukani kwa wapenzi wa anga. Mwanafunzi wa uzamivu, Zachory Berta, ndiye aliyeona mwanga wa GJ 1214 ukipungua na kurudi, ukipungua na kurudi. Desemba 2009 habari ikachapishwa katika jarida la Nature.

Kivuli hueleza upana. Uzito unahitaji njia nyingine. Sayari huivuta nyota yake kama nyota inavyoivuta sayari, na nyota nyepesi huvutika zaidi. Udhaifu umetusaidia tena. Kwa kifaa kiitwacho HARPS, kilichofungwa kwenye darubini ya mita 3.6 huko La Silla, Chile, walipima jinsi Orkaria inavyosogea kuja kwetu na kurudi nyuma, mwendo usiofikia kilomita 55 kwa saa. Kutokana na vipimo hivyo, vilivyosahihishwa baadaye, tunajua kwamba Enaiposha ina uzito wa Dunia nane na kitu. Jambo la kuchekesha ni kwamba, ukilinganisha uzito huo na upana wake, mvutano wa huko unakaribia sana ule wa hapa. Mtu wa kilo 70 mizani ingemsoma 76 hivi. Tatizo ni kwamba hakuna pa kuiweka mizani, na nitalirudia hilo.

Sayari ya ukubwa huu, iliyo kati ya Dunia na Neptuni, hatuna hata moja katika mfumo wetu wa Jua. Tungetarajia basi kwamba ni kitu cha nadra. Kumbe darubini ya anga ya Kepler, iliyofanya kazi tangu 2009 hadi 2018, ilionyesha kwamba sayari za kati ya saizi ya Dunia na Neptuni ni miongoni mwa zilizojaa kupita nyingine kuzizunguka nyota. Sisi ndio wenye mfumo ulioruka saizi hiyo. Ndiyo maana Enaiposha imeshughulisha watu wengi kuliko ukubwa wake unavyostahili: ni mfano ulio karibu, na ulio rahisi kupimika, wa aina ya sayari tusiyokuwa nayo nyumbani.

Imeundwa na nini? Uzito na upana vikishajulikana, msongamano wake hupatikana: gramu 2.2 kwa kila sentimita ya ujazo. Maji ni gramu moja, Dunia ni 5.5. Kwa hiyo si mwamba mtupu, na si gesi tupu. Lakini kikapu kilichofunikwa, hata ukijua uzito na ukubwa wake, huwezi kusema kama ndani mna mahindi mengi na mayai machache au ndizi tupu. Mchanganyiko mwingi hutoa jibu moja la mizani. Wataalamu waliweka mezani mapishi mawili makuu. La kwanza: kiini cha mwamba na chuma kilichovikwa joho nene la haidrojeni na heli. La pili: sayari ambayo sehemu kubwa ya mwili wake ni maji, maji mengi kupita kiasi chochote tunachokijua hapa, na juu yake angahewa ya mvuke. Pishi hili la pili ndilo lililowapagawisha waandishi wa magazeti, wakachora bahari ya buluu na mawimbi yake.

Kulikuwa na namna ya kuamua. Sayari inapopita mbele ya nyota, mwanga kidogo huchujwa na angahewa yake ukingoni. Kila gesi ina rangi inazozila. Mvuke wa maji, kwa mfano, hula mwanga wa infraredi wa karibu mikrometa 1.4. Katika rangi iliyoliwa, sayari huonekana kana kwamba imenenepa kidogo. Ukipima unene wake rangi baada ya rangi, unapata mstari wenye mabonde na vilima, na vilima hivyo ni sahihi za gesi. Haidrojeni ni nyepesi, angahewa yake hufura, kwa hiyo vilima vyake vingekuwa virefu. Mvuke ni mzito, hulala chini, vilima vyake ni vifupi.

Mwaka 2010 Jacob Bean na wenzake waliielekezea darubini kubwa ya VLT huko Chile. Wakapata mstari ulionyooka. Hakuna kilima. Basi angahewa angavu ya haidrojeni ikatolewa katika orodha. Ama ni mvuke mzito ambao vilima vyake havikuonekana kwa vipimo vile, ama kuna mawingu yaliyofunika kila kitu. Laura Kreidberg, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha Chicago, akaiomba darubini ya Hubble na kufuatilia mipito 15. Kazi ile ilikuwa makini kiasi kwamba hata vilima vifupi vya mvuke vingeonekana. Matokeo yalichapishwa siku ya kwanza ya mwaka 2014: mstari umenyooka kama kamba iliyovutwa. Ni mawingu.

Nimewahi kuwasikia watu wakisema kwamba huko kulikuwa kushindwa. Sikubaliani nao. Kuambiwa kwa uhakika kwamba umezuiwa na mawingu ni habari kubwa. Kabla ya hapo, mtu yeyote angeweza kuipamba sayari hii kwa bahari na visiwa. Baada ya hapo, ilimlazimu kila mmoja aeleze mawingu hayo yametoka wapi, yana nini, na yameelea juu kiasi gani. Mahali penye joto lile hayawezi kuwa mawingu ya matone ya maji kama yetu. Ilipendekezwa kwamba ni chumvi, kloridi ya potasiamu, au salfidi ya zinki. Wengine wakasema ni utando unaofanana na masizi, unaozaliwa pale mwanga mkali wa urujuanimno unapovunjavunja methani. Swali moja lililozibwa likazaa matano yanayojibika.

Na jibu moja lilikuja kwa kubadili mlango. Darubini ya James Webb ilipaa tarehe 25 Desemba 2021, ikiwa na kioo cha mita 6.5 na uwezo wa kuhisi joto. Eliza Kempton wa Chuo Kikuu cha Maryland na timu yake waliamua kuacha kuchungulia ukingoni. Waliifuata sayari mfululizo kwa muda wa saa 40 hivi, mzunguko mzima na ziada, wakipima joto lake upande baada ya upande. Sayari iliyosogea hivi karibu inatarajiwa kuelekeza uso mmoja kwenye nyota daima: upande huu mchana usiokwisha, ule usiku usiokucha. Matokeo yalitoka Mei 2023. Upande wa mchana, digrii 280 hivi. Upande wa usiku, 165.

Tarakimu hizo mbili zinasema mengi. Pengo la zaidi ya digrii 100 halitarajiwi kama angahewa ingekuwa ya haidrojeni nyepesi, ambayo husafirisha joto kwa urahisi kutoka mchana kwenda usiku. Kwa hiyo angahewa ya Enaiposha yaelekea kuwa na gesi nzito kwa wingi. Pia sayari ni baridi kuliko ilivyokisiwa, maana yake inarudisha angani karibu nusu ya mwanga unaoiangukia, wakati Dunia hurudisha kama asilimia 30. Utando wa masizi meusi ungekunywa mwanga. Huu unang'aa. Hapo hata waliokuwa na nadharia nzuri ya masizi walirudi kwenye karatasi zao. Ndani ya vipimo hivyo mlikuwamo pia dalili za mvuke wa maji, pande zote mbili. Mapema mwaka 2025 uchambuzi mwingine wa data za Webb ukaongeza dalili hafifu za dioksidi kabonia. Nasema dalili, na naomba mlioko magazetini mlibakize neno hilo mkiandika.

Je, jina Enaiposha limefaa? Kwangu mimi limefaa kuliko namba, na dalili za maji zinalipa heshima. Lakini ile picha ya ziwa naiomba ifutwe. Hata kama pishi la maji ndilo la kweli, huko hakuna ufuo. Maji yakizidi digrii 374 na kukandamizwa vya kutosha, tofauti kati ya mvuke na kioevu hupotea. Mtu angezama kutoka kwenye ukungu hadi kwenye mvuke, hadi kwenye kitu kizito zaidi na zaidi, bila kupita mahali pa kusema hapa bahari imeanza. Ndiyo maana nilisema mizani haina pa kuwekwa. Na swali ambalo naliona midomoni mwa vijana, la viumbe, nalijibu kwa haraka: sioni sababu ya kuwatafuta katika joto hilo. Wanaowatafuta wameelekea kwenye vibete vyekundu vingine, hasa TRAPPIST-1 yenye sayari saba, na huko nako kazi bado mbichi.

Nimebakisha jambo la kwetu. Mlima Hopkins uko nyuzi 31 kaskazini ya ikweta. Kwao Orkaria haifiki utosini. Kwetu hupita umbali wa nyuzi sita tu kutoka utosini, na nyota ikiwa juu kabisa mwanga wake hukatiza hewa kidogo kuliko ikiwa upande. Nairobi mwezi Julai ni mawingu na baridi, hilo twalijua sote, lakini Turkana na Samburu anga huwa wazi, na Dodoma na Singida kiangazi ndicho hicho. Darubini ya sentimita 40 yenye kamera nzuri haihitaji bajeti ya wizara. Wapenzi wa anga katika nchi mbalimbali wamekwisha kupima mpito wa Enaiposha kwa vyombo vya namna hiyo, na vipimo vya saa sahihi ya mpito huwasaidia hata wenye darubini kubwa kupanga kazi zao.

Kwa hiyo wanafunzi wa fizikia, chukueni kalamu. Mzunguko ni siku 1.58. Mkikuta mpito umetokea saa sita kamili za usiku, mizunguko miwili baadaye, yaani usiku wa tatu baada ya huo, utatokea karibu na saa kumi kasoro dakika nane, kabla ya alfajiri. Mizunguko mitano baada ya ule wa kwanza ni siku nane kasoro saa mbili na dakika 21, kwa hiyo utaukuta saa tatu na dakika 39 za usiku, muda ambao mama zenu hawatalalamika. Mpito wenyewe huchukua dakika 52 hivi. Anzeni kupiga picha saa nzima kabla, msimalize mpaka saa nzima baada yake, na kila picha iwe na nyota mbili tatu za jirani za kulinganishia, maana hewa yetu nayo hupepesa mwanga na msipokuwa na za kulinganisha mtamsingizia Enaiposha kosa la wingu. Wekeni vipimo kwenye grafu. Mnatafuta bonde la asilimia 1.3.

Nyakati za mipito ya msimu huu nimeziandika kwenye karatasi zilizo mezani pale mlangoni. Sasa nasikiliza maswali, tuanze na vijana waliosimama huko nyuma kwa kukosa viti.